Masizi ya Nyota na Mawingu Niliyoyatunga

Nyie mlioniuliza kwenye kundi letu, "Vipi huko, umeona nini?", niliwajibu kwa neno moja: mawingu. Mkanipa pole, na mmoja wenu akatuma kibonzo cha paka analia. Pole hizo nilizipokea zote, wala sikuona haya. Ukweli ni kwamba mlimani kule hapakuwa na wingu hata la kufunika kiganja. Nimekaa na uongo huu wiki sita, sasa nawaandikia safari nzima kama ilivyokuwa. Wengi wenu mmepita mikononi mwa Mwalimu Kondo kama mimi, na mnastahili kujua nilichomfanyia.

Kwa mtu atakayetumiwa barua hii bila kumjua: Mwalimu Kondo ni mzee wa Kizaramo, nyumba yake iko Segerea, alifundisha fizikia chuoni hadi akastaafu, na bado anasimamia wanafunzi wachache wa shahada za juu. Mimi ni mmoja wao. Kwa miaka mingi amekuwa akisema jambo moja. Nyota ikizeeka huvimba, kisha huanza kuvua ngozi yake ya nje pole pole, na ngozi hiyo husambaa angani kama moshi. Kuna nyota moja inayokufa, katika anga la kusini, ambayo Mwalimu anasema ndani ya moshi wake zimo molekuli za kaboni, zile wanazoziita wanakemia molekuli ogania, ndugu wa masizi yanayoganda chini ya sufuria. Kwa macho huzioni. Hujionyesha kwa infraredi, yaani ule mwanga wa joto ambao ngozi inauhisi na jicho haliuoni.

Zamani aliwahi kupata dalili ya molekuli hizo kwenye vipimo hafifu, akaandika makala. Wenzake wa nje wakamjibu kwa upole kwamba alichokiona ni kelele za chombo, yaani makosa ya mashine tu. Tangu hapo akawa anaomba nafasi kwenye darubini kubwa, mwaka hadi mwaka, na kila mwaka ananyimwa. Safari hii akapewa saa mbili na nusu. Darubini yenyewe iko Chile, juu ya mlima ambako hewa ni nyembamba, na daktari akamwambia moyo wake hauwezi. Ndipo nikatumwa mimi.

Tegeta hadi Majumba Sita

Kaka yangu alinichukua nyumbani Tegeta asubuhi kwa gari lake. Hesabu yangu ilikuwa nifike Segerea saa tatu, nikae na Mwalimu peke yetu, kisha nitokee Majumba Sita kwenda uwanja wa ndege. Nilikuwa na jambo la kumwonyesha, na jambo lenyewe lilihitaji faragha.

Hapa lazima niwaeleze kidogo. Kwenye infraredi kila chenye joto kinawaka. Anga linawaka, darubini yenyewe inawaka, hata mtu aliyesimama kando yake. Sasa utaipimaje nyota hafifu katikati ya moto wote huo? Unafanya kama muuza mafuta ya kula: anapima dumu tupu, anapima dumu lenye mafuta, anatoa uzito wa dumu. Darubini nayo hutazama nyota, husogea pembeni kidogo ikatazama anga tupu, hurudi kwenye nyota, tena na tena, na kompyuta inatoa lile tupu. Kinachobaki ni cha nyota. Ila dumu tupu sharti liwe tupu kweli.

Mwalimu alikuwa ameandika kwenye karatasi ya maelekezo kwamba darubini isogee hatua kumi. Hatua ni jina nililolipa mimi, kipimo chenyewe ni cha pembe, lakini tuiite hivyo. Wiki mbili kabla ya safari nikakuta picha mpya ya nyota ile ile, iliyopigwa na darubini iliyoko angani. Moshi ulikuwa unafika zaidi ya hatua ishirini. Kwa hatua kumi tungekuwa tunapima moshi na kutoa moshi, tunabaki mikono mitupu. Nikaichapisha ile picha, nikaitia mkobani.

Foleni ya siku ile ilianza pale pale Tegeta na haikutuacha. Ubungo tulisimama hadi kaka akazima injini.

"Sasa hiyo ishu si umpigie tu simu?" akaniuliza, maana nilikuwa nimemsimulia.

"Mambo hayo hayasemwi kwenye simu."

"Unamwogopa."

"Simwogopi. Namheshimu."

"Haya sista. Ila mie ningempigia."

Tulifika Segerea karibu saa sita. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Mwalimu alikuwa amealika majirani na shehe wa msikiti wao, ameandaa dua ya kuniaga. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikasimama. Mkewe, Bi Hadija, alikuwa amekaanga visheti vya kutosha kijiji, na akanishindilia na pakiti ya ubuyu. "Huko uendako hujui utapewa nini, mwanangu. Bora uwe na chako."

Dua ikasomwa. Mwalimu akasimama, akawaambia wageni wake, "Mie daktari kanikatalia, lakini sina wasiwasi. Huyu ndiye macho yangu." Akanikabidhi karatasi ya maelekezo ndani ya mfuko wa plastiki, nikaipokea kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza mbele ya wote, "Kuna la kuuliza?"

Msije mkasema hakuniuliza. Aliniuliza, na mkoba wenye picha ulikuwa begani mwangu. Shehe ananitazama, majirani wananitazama, Bi Hadija anatabasamu mlangoni. Nikajiona nikitoa picha ile na kumwambia mzee wa watu, ndani ya nyumba yake, siku ya dua yake, kwamba amekosea.

"Hakuna, Mwalimu."

Johannesburg

Ndege ya kutuvusha bahari hadi São Paulo ilikuwa na hitilafu. Wakatuambia tusubiri saa mbili, zikawa tano, zikawa kumi na moja. Kwenye kiti cha pembeni yangu alikaa Bwana Chilonda, Mmakonde wa Mtwara mwenye kibanda cha vinyago Mwenge, amealikwa kwenye maonyesho Brazili. Kinyago chake kikubwa alikuwa amekiviringisha kwenye khanga na amekipakata kama mtoto.

"Na wewe dada, unakwenda kufanya nini?"

"Kutazama nyota."

Akanigeukia mzima mzima. "Mbona mganga mwenyewe huna hata hirizi? Hebu nitazamie na yangu, biashara imelala."

Ilinichukua muda kumtoa huko. Nilipomaliza, alikuwa ameelewa kuliko wengi wenu, msininunie. Mtu aliyeishi na mpingo anajua mti unavyoungua na masizi yake yanavyonata. Tulikula visheti na korosho zake, kisha tukajaribu chakula cha pale, ugali wao mweupe na mchuzi mwekundu. Chilonda akamega tonge, akalitafuna kwa masikitiko. "Huu haukusongwa," akasema. "Huu umebembelezwa."

Baadaye akaniuliza, "Sasa ukiyakuta hayo masizi, huyo mzee atapata nini?"

"Ataambiwa hakukosea."

"Basi?"

"Basi."

Akatikisa kichwa. "Kwa mtu mzima hicho si kidogo."

Nikatoa ile picha nimwonyeshe nyota yenyewe. Akaishika mbali na macho, kama wanavyofanya watu waliosahau miwani, akafuata ukingo wa moshi kwa ukucha. "Umesema hatua kumi. Lakini hiki kitu kimefika mpaka huku."

Mchonga vinyago aliyekuwa na dakika ishirini za somo aliliona kosa. Simu yangu ilikuwa na chaji, uwanja una mtandao, na Dar ilikuwa saa tatu usiku tu. Nilichofanya ni kuikunja picha na kumwambia kwamba Mwalimu ana sababu zake. Nilikuwa naanza kuuamini uongo huo. Nilijiambia pengine mzee amefikiria jambo ambalo mimi sijalifikia, na mtoto hamfundishi mzazi kupika.

Santiago, na ubuyu wa Bi Hadija

São Paulo sikuiona, niliikimbia kutoka mlango mmoja hadi mwingine kwa ajili ya kuchelewa kule. Santiago nilifika nimevimba miguu. Kule wakaguzi hawana mzaha na mbegu. Hawataki mdudu wala mche wa kigeni uingie kwenye mashamba yao. Nikaandika kwenye fomu kwamba nina chakula, nikapelekwa pembeni kwa mama mmoja aliyevaa glavu.

Visheti akavivunja kimoja, akanusa, akaviruhusu. Ubuyu ukamtia wasiwasi. Alimimina kidogo kwenye sahani ya plastiki, mbegu nyekundu zikang'aa, akarudi nyuma hatua moja. Akauliza kitu kwa Kihispania. Mimi sijui Kihispania, na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu, basi nikaona nimwonyeshe: nikachukua mbegu moja nikaitia mdomoni. Mama akapiga kelele. Wenzake wawili wakaja mbio. Nikawa nimesimama pale, midomo na vidole vyekundu, namumunya ushahidi.

Alinyoosha kiganja chini ya kidevu changu mpaka nikautema. Pakiti yote ikaenda kwenye pipa. Nilicheka nilipotoka nje, kisha nikajikuta natokwa machozi kwa ajili ya ubuyu, jambo ambalo si la mtu wa umri wangu. Nadhani nilikuwa nimechoka. Na nadhani nilikuwa najua tayari kwamba mengi niliyokabidhiwa na nyumba ile yangepotelea mikononi mwangu.

Jangwani

Nilipanda ndege nyingine hadi kaskazini, halafu gari la wafanyakazi wa darubini. Nimezoea kusikia jangwa, nikadhani ni mchanga. Lile ni mawe, rangi ya kutu na rangi ya majivu, hakuna jani, hakuna ndege wa angani, hakuna mbuzi wa mtu. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache. Aliposikia natoka Tanzania akafurahi, akanyanyua mkono juu kabisa. "Kilimanjaro! Kwako wewe mlima wetu si kitu."

Jamani, mimi mtu wa Lindi niliyekulia Tegeta, mlima mrefu niliowahi kuupanda ni vilima vya Pugu, tena kwa gari. Lakini nilitabasamu tu. Oneni tabia hiyo ya kukubali kila ninachoambiwa, haikuanzia kwenye darubini.

Kambini walitupa supu ya maharage na mkate mgumu mtamu, na chai ya majani yao ya milimani wanayoyasifu kwa kichwa kuuma. Kichwa changu kiliuma licha ya chai. Tulipopanda hadi kwenye darubini, kila mtu alipewa mrija wa oksijeni wa kuweka puani. Nitawaambia mapema: sitasingizia oksijeni. Akili yangu ilikuwa timamu kuliko nilivyotaka iwe.

Mwendeshaji wa darubini alikuwa mwanamke anaitwa Marisol, mfupi, mcheshi, amefunga nywele kwa kamba ya viatu. Tuliongea Kiingereza chake na changu, vyote vya kuokoteza, tukaelewana vizuri sana. Nilimpa visheti vilivyobaki. Akala saba.

Saa mbili na nusu

Zamu yetu ilianza saa kumi na moja alfajiri, ikiendelea hata baada ya jua kuchomoza, kwa sababu kwenye infraredi ya aina ile nuru ya jua haisumbui sana. Nje anga lilikuwa safi. Marisol alisema ni moja ya asubuhi kavu kuliko zote za majira yale, na ukavu ndio mali, maana mvuke wa maji hula mwanga wa joto kabla haujafika chini. "Mwalimu wako ana bahati," akaniambia.

Akaanza kuingiza maelekezo, akisoma karatasi ya Mwalimu mstari kwa mstari. Alipofika kwenye hatua kumi, akasita.

"Hii ni ndogo. Moshi wa nyota hii si mpana? Una uhakika?"

Picha ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa miguuni. Dar ilikuwa saa sita mchana. Mwalimu angekuwa macho, pengine anatia udhu kwa ajili ya adhuhuri, simu yake mezani, anasubiri. Nilishika simu. Niliandika "Shikamoo Mwalimu", nikaitazama, nikaifuta. Ningemwambiaje? Kwamba mgeni wa watu anauliza, na mimi mwanafunzi wake nakubaliana na mgeni?

"Nina uhakika," nikamwambia Marisol.

Alinitazama kidogo tu. Kazi yake si kubishana na mwenye saa zake. Akabonyeza.

Nusu saa ya kwanza hakuna kitu kinachoonekana, data zinajilimbikiza. Kisha grafu ikaanza kujichora. Mahali ambapo masizi ya kaboni hutoa mwanga wake, mstari ulitakiwa kupanda kilima. Mahali hapo nimepatazama kwenye makala ya Mwalimu hadi nimepakariri. Mstari ulipita bapa. Ukapita bapa tena. Kisha ukashuka chini ya sifuri.

Chini ya sifuri, jamani. Nyota haiwezi kuwa na masizi pungufu ya hakuna. Marisol akasogeza kiti chake, akaweka kidole kwenye kioo.

"Kuna kitu kwenye anga lako tupu," akasema.

Nilijua ni kitu gani. Masizi yenyewe ndiyo yalikuwa pale. Mwalimu alikuwa sahihi, yalikuwepo, yalijaa hadi kwenye dumu nililoliita tupu, na mimi nilikuwa nayatoa kwa mkono wangu. Hapo mtu mwenye akili angepiga kelele. Tulikuwa bado na saa moja na dakika kama arobaini. Kubadilisha namba ile ni kazi ya dakika tano.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikubadilisha, nami nimejiuliza kila siku. Jibu langu si zuri. Niliona kwamba nikisema "tuweke arobaini", nitakuwa nimemvua Mwalimu nguo mbele ya watu wasiomjua, watu ambao wenzao ndio walewale waliomwambia ameona kelele. Nilitaka abaki mkubwa machoni pa Marisol. Kwa hiyo nikakaa, mikono mapajani, nikimlinda mzee wangu asionekane amekosea, hadi saa zake zote zikaisha.

Nilipoomba nipewe picha mbichi, zile za kabla ya kutoa, Marisol akanieleza kwa huruma kwamba mashine hufanya hesabu yenyewe kabla ya kuhifadhi. Mbichi hazipo. Akaniletea chai, akanisugua mgongo kama mtu aliyefiwa. Nje jua lilikuwa limepanda na anga lilikuwa buluu kutoka ukingo hadi ukingo.

Kurudi

Njia ya kurudi sina mengi. Sikuongea na mtu. Ndege hazikuchelewa hata moja, kama vile zilikuwa na hamu ya kunifikisha. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Kwanza nilipanga kusema ukweli, nikaupanga vizuri, wenye heshima na samahani. Juu ya bahari ukaanza kunitisha. Kufika Johannesburg nikawa nimepata neno mawingu, na ajabu ni jinsi lilivyonipa usingizi.

Nikatoka uwanjani moja kwa moja hadi Segerea. Nilipiga hodi, Bi Hadija akanikumbatia, Mwalimu akatoka chumbani anafunga saa mkononi. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Enhe?"

"Mawingu, Mwalimu."

"Mawingu? Kule jangwani?"

"Saa zote."

Alikaa kwenye kiti. Bi Hadija akaweka mkono begani mwake. Kisha Mwalimu akasema, "Alhamdulillahi umerudi salama. Mbingu si zetu." Akaniulizia miguu yangu, kama imevimba. Bi Hadija akaleta wali wa nazi, kibua wa kukaanga na mchicha, nikala, nikaongezwa, nikala. Msiniulize ladha yake.

Jumamosi iliyopita

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilidumu wiki tano, halafu Mwalimu akanipigia simu. "Njoo unisaidie kusoma hiki Kiingereza changu. Naomba tena."

Nilimkuta mezani sebuleni, karatasi zimepangwa. Ombi jipya alilichapa mwenyewe kwa vidole viwili, kurasa nne. Nikaanza kusoma. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwamba vipimo vya awali havikufaulu kwa sababu ya mawingu mazito. Kwenye ukurasa wa tatu, maelekezo ya darubini: hatua kumi.

Kule mlimani hali ya hewa huandikwa na mashine kila dakika, na kamati ikifungua kumbukumbu ile itaona anga safi. Mzee aliyeambiwa zamani kwamba ameona kisichokuwepo, sasa ataambiwa ametunga mawingu. Na wakimpa nafasi pamoja na hayo, mwanafunzi mwingine atapanda mlima ule na kosa lile lile mfukoni.

"Mwalimu," nikasema, "mawingu hayakuwepo."

"Hayakuwepo wapi?"

"Mlimani. Anga lilikuwa safi. Nilikudanganya."

Nikamweleza yote. Sikupamba. Nikatoa picha, maana haikuwahi kutoka mkobani, ina mikunjo na doa la mafuta ya kisheti. Akachukua rula, akapima moshi mwenyewe. Akapima mara ya pili.

"Ishirini na nne," akasema. "Uliipata lini?"

"Wiki mbili kabla sijaondoka."

"Na masizi yalionekana? Huko pembeni, yalionekana?"

"Yalionekana, Mwalimu. Yalijaa."

Akafumba macho. Bi Hadija aliingia na sinia la chai, akatuona, akarudi nalo. Nikasema nisamehe. Akasema, "Nimekusamehe," haraka, kama unavyomwambia mtu aliyekukanyaga kwenye foleni, na haraka ile iliniumiza kuliko angenifokea.

Akavuta ombi lake, akachukua kalamu. Kwenye ukurasa wa tatu akakata ile kumi. "Hapa niandike ngapi?" Katika miaka yote hajawahi kuniuliza swali ambalo jibu lake halijui. Nikasema arobaini. Akaandika arobaini. Akarudi ukurasa wa kwanza, akakata mawingu mazito, na juu yake, kwa mwandiko wake ule ule mzuri wa ubaoni, akaandika kwamba vipimo vilipotea kwa kosa la msimamizi wa utafiti.

Msimamizi ni yeye.

"Mwalimu, hapo umekosea," nikasema. "Kosa ni langu. Futa, tafadhali."

Aliweka kalamu chini akanitazama, na sauti yake haikuwa ya hasira hata kidogo.

"Miaka kumi na moja nakufundisha. Hujapata kuniambia hata siku moja kwamba nimekosea. Mie nikadhani sikosei."

Hakuifuta ile sentensi. Jumatatu asubuhi alilituma ombi, hatua arobaini, na kosa likiwa kwenye jina lake.